Mtoto wetu anakunywa dawa inayopunguza kinga: tumfungie ndani au atoke?



Tunajua kwamba mwezi huu tena kuna watu wamejiuliza juu ya mtoto wa nyumba yetu. Kuna majuma anaonekana anacheza mpira wa makaratasi na wenzake, halafu kuna majuma haonekani kabisa, amekaa nyuma ya nyumba peke yake kama mtu aliyepewa adhabu. Wengine wametuuliza uso kwa uso, na tumewashukuru. Wengine wameulizana wao kwa wao kwenye bomba, na maneno yametufikia: eti mtoto amerogwa, eti anakunywa dawa za UKIMWI kwa siri, eti sisi tunajiona wakubwa, hatutaki mtoto wetu aguswe na watoto wa watu.

Sisi tuko watu sita katika nyumba moja. Mmoja wetu ni mwalimu wa kujitolea, wengi mnamwona kila asubuhi akipita na chaki mkononi, na ndiye aliyeshika kalamu. Lakini maneno haya ni ya nyumba nzima. Tulikaa tukapatana kwamba ni heri tueleze wenyewe.

Tunaandika pia kwa sababu hatuko peke yetu. Humu kambini kuna wengine wanaokunywa dawa za namna hii, kwa ajili ya figo, viungo vinavyovimba, pumu kali au magonjwa ya ngozi na ya damu. Wote wanafika kwenye swali lile lile: dawa inaniponya, lakini inafungua mlango kwa magonjwa mengine. Je, nijifungie ndani?

Ugonjwa na dawa yake

Mwaka 2023 mtoto wa dada yetu alikuwa na miaka 6. Siku moja aliamka macho yamevimba. Tukafikiri ni mdudu au moshi wa jikoni, maana jioni uvimbe ulipungua. Kesho yake ukarudi. Baada ya juma moja miguu ilikuwa imejaa maji, tumbo limekaza, na mkojo wake una povu kama maji ya sabuni. Kwenye kituo cha afya walitumbukiza kijiti cha kupimia ndani ya mkojo, rangi ikageuka sana. Wakatutuma Mbarara.

Huko walituelewesha vizuri. Figo ni kama chujio. Inatoa uchafu wa damu kwenye mkojo na inabakiza vitu vizuri. Katika ugonjwa huu, ambao waganga wanauita nefrotiki, matundu ya chujio yanakuwa makubwa, na protini ya damu inapita inakwenda na mkojo. Protini ikipungua kwenye damu, maji yanakimbilia kwenye nyama ya mwili, ndiyo mtoto anavimba. Haukuletwa na mtu, hauambukizi, na si ugonjwa wa mama aliyekula vibaya akiwa na mimba. Tunasema hivyo kwa sababu dada yetu aliambiwa hata hilo.

Dawa yake inaitwa prednisoloni. Wakati ule mtoto alikuwa na kilo 20, na mganga alimwandikia vidonge 8 vya miligramu 5, vyote kila asubuhi baada ya kula, kwa majuma kadhaa. Halafu vidonge 6, siku moja anakunywa, siku moja anaruka. Halafu kupunguza polepole. Hesabu hiyo ni ya kilo zake yeye, kwa hiyo mtu asije akaipa mtoto wake. Kabla majuma mawili hayajaisha, uvimbe ulikwisha, tukamwona tena sura yake. Watoto wengi wenye ugonjwa huu wanaitikia dawa hii ndani ya majuma manne. Ni dawa ya vidonge vidogo lakini kazi yake ni kubwa.

Sasa mbona inatutia hofu? Mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Katika ugonjwa huu wao wenyewe ndio wanaosumbua figo, na dawa inawaambia walale kidogo. Lakini askari wakilala, mwizi naye anapata nafasi. Tena, kati ya protini zinazopotea na mkojo kuna zile za kinga. Kwa hiyo mtoto anakuwa wazi kwa njia mbili.

Na wale waliosema ni dawa za UKIMWI, tunawajibu bila hasira. Anayekunywa dawa za UKIMWI hapaswi kuchekwa. Tena dawa zile zinafanya kazi iliyo kinyume na hii yetu: zinazuia virusi ili kinga irudi.

Mabishano ya nyumbani

Siku tuliporudi kutoka Mbarara, nyumba iligawanyika.

Koko wetu alisema: "Huyu mutoto asitoke. Miye niliona surua wakati wa vita ya 1998, tuko milimani. Iliingia kwenye nyumba ya watoto wanne, ikatoka na watatu. Masomo yatamungoja."

Dada yetu, mama wa mtoto, alijibu kwa heshima lakini kwa nguvu: "Koko, masomo hayangojei mtu. Wewe uliona surua. Mimi niliona mlango uliofungwa."

Alikuwa anasema juu ya Korona. Mnakumbuka, shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na madarasa yote yalifunguliwa tena tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Binti yake mkubwa alikuwa darasa la sita. Mlango ulipofunguliwa, hakurudi. Alikwisha kuzoea vibarua vya shambani, aliona aibu kukaa na watoto wadogo, na pesa yake ndogo ilikwisha kuingia kwenye hesabu ya nyumba. Wengi wenu mna mtoto kama huyo. Kwa hiyo dada yetu akisikia neno "akae ndani kwanza", hasikii kinga. Anasikia mtoto wa pili anapotea.

Mwalimu naye alikaa katikati. Anajua darasa la kwanza lilivyo: watoto zaidi ya 100, benchi moja watoto wanne au watano, mmoja akikohoa mstari mzima unapata. Lakini anajua pia kwamba mtoto akikosa muhula mmoja wa kujifunza kusoma, wenzake wanamwacha mbali.

Hakuna aliyekuwa mjinga katika mabishano hayo. Kila mmoja alikuwa anaogopa kitu cha kweli.

Tulipima nyumba yetu

Mwaka 2020 Uingereza iliwaambia watu zaidi ya milioni 2 wenye hatari kubwa, pamoja na wengine wanaokunywa dawa za kupunguza kinga, wakae nyumbani wasitoke. Waliokosa mtu wa kuwasaidia walipelekewa maboksi ya chakula mlangoni. Hata hivyo wengi waliumia na upweke. Tulijiuliza: sisi tungefanyaje kitu kama kile?

Tukapima. Nyumba yetu ni ya udongo, juu shitingi, chumba kimoja na sehemu ya mbele, katikati pazia la kitenge. Mmoja anakwenda darasani, mmoja sokoni, wawili vibarua, koko kanisani. Maji yako kwenye bomba, na bomba lina mstari. Mgao una mstari. Tukimfungia mtoto na sisi watano tunatoka na kurudi, tumefunga nini? Ugonjwa utaingia na sisi, utalala naye kwenye mkeka mmoja.

Tukapima tena kwa ugonjwa mmoja mmoja. Malaria haihitaji mtoto atoke, inamfuata kitandani. Dawa yake ni chandarua. Kuna minyoo inayoingia kwa ngozi ya miguu kutoka kwenye udongo, nayo kwa mtu anayekunywa prednisoloni inaweza kuwa kali sana. Kinga yake ni viatu na choo. Kuhara kunaletwa na maji na mikono. Kifua kikuu kinapenda sana chumba kidogo kisicho na hewa, chenye watu wengi. Yaani tukifunga mlango na dirisha, kwa kifua kikuu tumefanya kinyume. Kumbe mlango uliofungwa unasaidia kwa magonjwa machache, hasa yale ya kuambukizana kwa hewa na kugusana: surua, tetekuwanga, mafua. Hayo si madogo, lakini si yote.

Maswali tuliyompelekea mganga

Siku ya kliniki iliyofuata tulikwenda na maswali kwenye karatasi ya daftari. Tunawashauri mfanye hivyo pia. Ukifika mbele ya mganga, na nyuma yako kuna mstari, maneno yanapotea.

Tuliuliza kwanza: hatari iko sawa siku zote? Alisema hapana. Hatari ni kubwa wakati wa dozi kubwa ya kila siku, na inaendelea majuma kadhaa baada yake. Wakati wa dozi ndogo ya siku kuruka, inapungua. Akimaliza dawa, kinga inarudi polepole. Jibu hilo ndilo lililovunja mabishano yetu. Koko alikuwa na haki kwa majuma fulani, na dada alikuwa na haki kwa majuma mengine.

Tukauliza: tuogope nini zaidi? Alisema surua na tetekuwanga. Mgonjwa wa surua anaambukiza tangu siku nne kabla ya vipele mpaka siku nne baada ya vipele kutokea, na virusi vyake vinaweza kubaki kwenye hewa ya chumba mpaka saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Wa tetekuwanga anaambukiza tangu siku moja au mbili kabla ya vipele, mpaka vyote vikauke na kufanya maganda. Kwa mtoto mwenye kinga nzima tetekuwanga ni kujikuna. Kwa mtoto wetu akiwa kwenye dozi kubwa, inaweza kuingia mapafuni. Lakini kuna dawa, na dawa hiyo inafanya kazi vizuri ikianza mapema. Kwa hiyo akikaa karibu na mgonjwa, tusingoje vipele. Twende siku ile ile.

Tukauliza juu ya chanjo. Kadi yake ilipotea njiani wakati wa kukimbia, hatukuwa na hakika kama alichanjwa surua. Mganga alisema chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa, haipewi mtu aliye kwenye dozi kubwa ya dawa hii. Inangoja angalau mwezi mmoja baada ya dozi hiyo kwisha. Chanjo zisizo na kitu hai anaweza kupewa, daktari akiona inafaa. Lakini watu wengine wote wa nyumba wachanjwe, maana wao ndio ukuta wake. Timu za chanjo zikipita nyumba kwa nyumba na matone ya polio, tuwaambie kabla kwamba humu kuna mtoto anayekunywa prednisoloni, wao watatuelekeza.

Swali la mwisho lilikuwa la koko: kama dawa ndiyo inafungua mlango, si tuiache? Mganga aliinua mkono. Hapana. Mwili uliozoea prednisoloni kwa majuma mengi unasahau kutengeneza yake. Ukikata ghafla, mtu anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, kuanguka, hata kufa. Inapunguzwa hatua kwa hatua, na mganga ndiye anahesabu hatua. Vidonge vikibaki vya siku tatu tu, tunaanza kutafuta nauli. Hatungoji viishe.

Akaongeza neno ambalo hatukuliuliza. Dawa hii inaweza kuficha homa. Mtoto mwingine angechemka, wetu anaweza kuwa vuguvugu tu na ndani kuna ugonjwa mkubwa. Tusiamini mkono kwenye paji la uso peke yake. Akilalamika tumbo linauma sana, akihema haraka, akiwa mlegevu, akikataa chakula, ni kwenda kituoni, hata kama ni usiku.

Tulivyoamua

Tuliamua kugawa majuma yake kwa dozi.

Majuma ya vidonge vya kila siku, haendi darasani, haendi sokoni wala kwenye mstari, na ibada anasali nyumbani na koko. Lakini hafungiwi. Anakaa nje nyuma ya nyumba, kwenye hewa na kivuli. Rafiki mmoja au wawili wazima wanaweza kuja, wanakaa wameachana, wanasoma kwa sauti kutoka upande wa pili wa njia. Mwalimu anamletea kazi ya siku jioni, na kabla ya kukaa naye ananawa na kubadili shati.

Majuma ya siku kuruka, anakwenda darasani. Anakaa mbele karibu na dirisha, na anavaa viatu. Kukiwa na habari ya surua au tetekuwanga katika kijiji, anarudi nyuma ya nyumba mpaka itulie.

Majuma yote, chandarua, mikono na sabuni, madirisha wazi mchana. Mmoja wetu akipata mafua anafunika mdomo na analala upande wa mbele. Mtu akikohoa majuma mawili anakwenda kupimwa kifua kikuu, hata koko. Na kila asubuhi tunamwangalia macho kabla hajanawa, kama yamevimba.

Kuna gharama ambayo lazima tuiseme. Dawa hii inaleta njaa ya ajabu. Mtoto anamaliza sahani, anaangalia sahani ya koko. Mwaka 2023, mwaka ule ule alioanza dawa, mgao wa chakula uligawanywa kwa makundi, na wengi tulipunguziwa. Tena wakati wa uvimbe anatakiwa chakula bila chumvi nyingi. Lengalenga bila chumvi hazitaki, analia. Kwa hiyo sisi wote tulianza kula bila chumvi mbele yake, halafu wengine wanaongeza kidogo akiwa ametoka. Koko anasema katika maisha yake alikimbia vita mbili, lakini hakuwahi kukimbia na chumvi.

Yaliyotokea baadaye

Desemba 2023, shule ikiwa likizo, mafua yalizunguka nyumba yetu nzima. Kwetu yalikuwa ya siku tatu. Kwake ugonjwa wa figo uliamka, macho yakavimba, tukarudi kwenye vidonge 8. Waganga walisema ndiyo kawaida yake, mafua madogo yanaweza kuuamsha. Angalieni basi: hakuyapata darasani, darasa lilikuwa limefungwa. Tulipoona vile, dada yetu hakusema "niliwaambia". Alikaa tu kimya, akaosha kikombe cha dawa.

Muhula wa kwanza wa 2024 alikuwa amefika kwenye siku kuruka, yuko darasani. Jioni moja mama mmoja jirani alikuja mlangoni na taa ya simu. Alisema: "Mwalimu, samahani, wangu ametoka vipele leo, na jana alikaa benchi moja na wenu. Nimeona nisilale nayo." Asubuhi tulikuwa wa kwanza kituoni. Alipewa dawa, na tukaambiwa tumwangalie siku 21, maana tetekuwanga inaweza kutokea mpaka siku hizo. Majuma matatu nyuma ya nyumba. Siku moja alimuuliza mwalimu: "Miye niko mgonjwa ama niko kifungoni?" Mwalimu alimjibu kwamba yuko kwenye zamu ya kulinda nyumba, na kila mlinzi ana siku za kutoka. Hakufurahi sana na jibu. Lakini alihesabu siku kwa makaa ukutani, mistari 21, na vipele havikutokea.

Agosti 2024 dunia ilitangaza dharura ya mpox, na Uganda ilikuwa na wagonjwa. Koko akataka tena mlango ufungwe. Tulirudi kwenye karatasi yetu ya maswali. Mpox inapita hasa kwa kugusana ngozi kwa ngozi na vidonda, na kwa matandiko na nguo za mgonjwa. Mtoto alikuwa karibu kumaliza dozi. Tuliamua aendelee na darasa, asishiriki nguo wala mkeka na watu wa nje, na sisi tupunguze wageni wa kulala. Dharura hiyo ilifungwa Septemba 2025, na haikufika nyumbani kwetu.

Alipomaliza dawa mwisho wa 2024, tulingoja muda tulioambiwa, akapata chanjo yake ya surua. Koko alimsindikiza mwenyewe. Alirudi anatembea kama mtu aliyepokea deni la zamani.

Mwaka huu figo imeamka tena. Sasa kilo zimeongezeka, na vidonge vya asubuhi vimekuwa 10. Ndiyo maana hamumwoni. Yuko nyuma ya nyumba, na siku zake zinahesabika.

Tunachowaomba

Katika miaka hii tumeona kwamba uamuzi wa kumfungia mtoto au kumwachia haukai mikononi mwetu peke yetu. Nusu yake iko mikononi mwenu. Mtoto wetu anaweza kutoka pale tu ambapo mtoto mwenye vipele anabaki nyumbani. Kama wagonjwa watakuja darasani, walio wazima watalazimika kujificha.

Kwa hiyo tunawaomba mambo manne.

Mtoto wako akiwa na homa na vipele, asije darasani, hata kama siku hiyo kuna uji. Mwambie mwalimu na wahudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT. Hakuna atakayekuaibisha. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kambini mficha maradhi anaweza kuumbua hata nyumba ya jirani.

Wachanjeni watoto surua, dozi ya miezi 9 na ya miezi 18, na waliokosa wapelekwe. Kadi zihifadhiwe kwenye plastiki, mahali mvua haifiki.

Kama nyumba yako ina mtu anayekunywa dawa za kupunguza kinga, usimwachishe dawa kwa hofu, na usimfungie kwa hofu. Nenda na karatasi yako kwa mganga, uliza: dozi yangu sasa ni kubwa au ndogo? Niogope nini katika majuma haya? Chanjo gani naweza, ipi ningoje? Dalili gani ziniamshe usiku? Majibu yako yanaweza kutofautiana na yetu, maana dawa si moja na mwili si mmoja.

Na walimu wenzetu, tuulize kwa upole ni mtoto gani ana dawa ya muda mrefu, tuweke siri yake, tumpe nafasi karibu na dirisha. Akikosa majuma matatu, kazi zake zimfuate nyumbani. Mtoto asichague kati ya figo yake na kusoma kwake.

Mama yule wa taa ya simu hakujua jina la ugonjwa wala la dawa. Alijua tu kwamba watoto wawili walikaa benchi moja. Hiyo ilitosha. Tukipata jirani kama yeye kila upande wa kijiji, tutaweza kumwachia mtoto wetu majuma mengi zaidi.

Mwenye swali aje, tuko karibu na mti mkubwa nyuma ya darasa la chekechea. Majuma haya tutaongea nje, tumeachana kidogo, msikasirike. Karatasi ya maswali tunayo bado, na mwalimu atamnakilia yeyote anayeihitaji.